Nyundo Ikishagonga Waya

Mpiga fidla wa taarab akishauanza uzi, sauti ingali mkononi mwake. Ataikuza, ataiminya, ataitetemesha, ataivuta mpaka msikilizaji ajishike kifua. Mwimbaji naye ni hivyo hivyo, maadamu pumzi anayo. Mpiga piano hana uwezo huo. Kidole chake kinashusha kibao kwa kiasi cha milimita 10. Ndani ya kinanda, nyundo ndogo iliyovikwa sufu inainuka na kusafiri milimita 45 au zaidi kidogo kuufuata waya, na ikibakiza kama milimita 2 kuufikia, mtambo unaiachia. Kipande hicho cha mwisho nyundo inakipita peke yake, kama jiwe lililokwisha kutoka kwenye manati. Inagonga, inarudi.

Kwa hiyo mpiga piano, hata awe bingwa wa mabingwa, kwa noti moja anaamua mambo machache mno: aigonge lini, kwa kasi gani, na aiache lini. Kama sauti hiyo itakuwa nene au nyembamba, kama italia kama kengele au itatanda kama moshi wa udi, kama itadumu sekunde nyingi au itakatika mapema, hayo yaliamuliwa miaka mingi kabla yake na watu waliofunga aproni, kwenye karakana yenye harufu ya gundi na mbao. Nimeipenda piano tangu utotoni, na kadiri ninavyozidi kuisikiliza ndivyo ninavyozidi kuwafikiria watu hao. Noti ikizimika taratibu ukumbini, sura inayonijia si ya mpigaji. Namwona seremala.

Piano ninayoizungumzia ni ile kubwa iliyolala, yenye mkia, inayofunguliwa kifuniko jukwaani kama bawa. Aliyeizaa ni Bartolomeo Cristofori, mzaliwa wa Padua, fundi wa vinanda wa Ferdinando de' Medici mjini Florence. Orodha ya vyombo vya nyumba hiyo ya mwaka 1700 inataja kinanda chake kinachoweza kupigwa kwa upole na kwa nguvu, yaani piano na forte kwa Kitaliano, na jina likatoka hapo. Kinanda kikuu cha Ulaya wakati huo kilikuwa hapsikodi, ndugu wa mbali wa kanuni tunayoijua kwenye taarab: waya unadonolewa. Ila mpiga kanuni anadonoa kwa vidole vyake mwenyewe, na akitaka upole anaupata, akitaka ukali anaupata. Kwenye hapsikodi kidonoo kimefungwa kwenye kijiti nyuma ya kibao. Ubonyeze kwa unyenyekevu, ubonyeze kwa kishindo, kinadonoa karibu vilevile.

Cristofori alitaka waya ugongwe. Kugonga si kazi, hata mtoto anagonga. Kazi ni kuondoka. Nyundo ikibaki kwenye waya baada ya kuugonga inaunyamazisha palepale, kama mtu anayepiga kengele kisha akaikumbatia. Akabuni kijiti kinachoisukuma nyundo juu, kisha kinachomoka chini yake kabla haijafika, ili iende yenyewe na irudi yenyewe. Piano zake 3 zimesalia mpaka leo: ya mwaka 1720 iko Metropolitan Museum of Art, New York, ya 1722 iko Roma, ya 1726 iko Leipzig. Waliomfuata waliongeza mengi, hasa nyumba ya Érard ya Paris, iliyosajili mwaka 1821 mtambo unaoruhusu noti kurudiwa kabla kibao hakijapanda mpaka juu. Lakini wazo la kuiachia nyundo karibu na mlango ni la Cristofori, na hakuna aliyepata lililo bora zaidi.

Baada ya nyundo unakuja waya, na hapo fundi anakutana na hesabu isiyo na huruma. Waya wa noti ya juu kabisa una urefu wa kama sentimita 5 tu. Waya wa aina ileile, uliokazwa vilevile, lazima urefuke mara mbili kila unaposhuka oktava moja. Zihesabu oktava 7: 5, 10, 20, 40, 80, 160, 320, 640. Waya wa besi ungepita mita 6, na piano isingeingia mlangoni. Basi waya wa besi unafupishwa, na ili uwe mzito wa kutosha kutikisika polepole, kiini chake cha feleji kinaviringishiwa shaba, mzunguko kando ya mzunguko, bila nafasi hata ya unywele.

Ufumbuzi huo una gharama. Kila waya ukitikisika hutoa sauti mama, na juu yake sauti tanzu zenye kasi mara mbili, mara tatu, mara nne na kuendelea. Hizo tanzu ndizo zinazomfanya msikilizaji atofautishe piano na filimbi. Katika uzi mrefu na mlegevu wa mwili, kila tanzu inakaa mahali pake. Lakini waya mfupi na mnene unaanza kuwa na tabia za nondo: unakuwa na ukaidi wake, na tanzu zinapanda juu kidogo ya pale zinapotakiwa kuwa. Ukipiga noti za chini kwenye piano fupi utasikia kitu kama bati, sauti yenye matope ambayo sikio halijui iwekwe wapi. Watu wengi hudhani piano ya jukwaani imerefushwa ili iwe na kelele. Imerefushwa ili besi iseme ukweli. Ndiyo maana Steinway ya modeli D ina sentimita 274, na Paolo Fazioli wa Italia akathubutu kufika 308.

Nyaya hizo, zaidi ya 200, zikikazwa zote kwa pamoja zinavuta kwa nguvu ya takriban tani 20. Hebu fikiria tembo dume wanne wanaoning'inia kwenye kinanda kimoja usiku na mchana, miaka mia. Piano za enzi za Mozart zilikuwa na fremu ya mbao, na nyaya zake zilikuwa nyembamba, kwa sababu mbao zisingeweza zaidi. Mwaka 1825 Alpheus Babcock wa Boston alipata hataza ya fremu ya chuma cha kusubu, na mwaka 1843 Jonas Chickering wa mji huohuo akapata yake kwa ajili ya piano kubwa. Mwaka 1859 familia ya Steinway, wahamiaji kutoka Ujerumani waliofungua karakana New York mwaka 1853, ikazipitisha nyaya za besi juu ya zile nyingine kwa mkingamo. Kwa mkingamo huo daraja la besi likasogea kutoka pembezoni na kukaribia katikati ya ubao wa sauti, mahali ambapo ubao ni mwepesi wa kuitika.

Tumefika kwenye ubao wenyewe, na hapa naomba nikae.

Waya peke yake ni bubu. Uufunge kati ya misumari miwili kwenye ukuta wa zege, uupige: utasikia kinong'ono tu. Ni mwembamba mno, unaikata hewa badala ya kuisukuma. Lazima umpate mtu mpana wa kuusemea. Mafundi wa kanuni wanaliketisha daraja juu ya ngozi ya samaki. Kwenye piano anayesema ni ubao wa sprusi, mti wa jamii ya msonobari, uliotandazwa chini ya nyaya zote kuanzia vibaoni mpaka mkiani. Nyaya zinapita juu ya daraja la mti mgumu, daraja limegundishwa kwenye ubao, na kila kinachosikika ukumbini kimepitia hapo.

Mafundi wanautafuta sprusi uliokulia kwenye baridi, milimani, ambako mti hunenepa taratibu mno na mistari ya miaka yake inakaribiana kama nyuzi za kitambaa. Fazioli, ambaye ni mhandisi na pia amesomea piano, alianzisha kiwanda chake Sacile mwaka 1981, na mbao zake za sauti zinatoka bonde la Fiemme, kwenye misitu ileile ambayo Antonio Stradivari anasemekana alipata miti ya fidla zake. Sprusi una sifa mbili ambazo mara chache hukutana katika mti mmoja: ni mwepesi, na ni mkakamavu. Sauti inakimbia ndani yake kwa kufuata nyuzi za mti zaidi ya mita 5,000 kwa sekunde, wakati hewani inakwenda kama mita 340. Kwa kukata nyuzi, hata hivyo, inakwenda polepole sana. Kwa hiyo upande wa chini wa ubao fundi anagundisha mbavu zinazozikingama nyuzi, ili mtikisiko upate barabara kila upande. Anayeyajua mataruma ya jahazi ataiona sura hiyo mara moja, ingawa kazi ni tofauti: mataruma yanazuia mbao zisicheze na bahari, mbavu hizi zinawekwa ili ubao mzima ucheze kwa pamoja.

Ubao huo una unene wa kama milimita 9 katikati, na kwa baadhi ya watengenezaji unazidi kupunguzwa kuelekea pembeni. Tena si bapa. Umebinuliwa kidogo sana kama mgongo wa sahani iliyofunikwa, kiasi kwamba macho hayaoni mpaka uweke uzi ulionyooka chini yake. Nyaya zinaukandamiza kwa uzito wa mamia ya kilo, nao unasukuma kurudi juu. Katika hali hiyo ya kusukumana ndipo unakuwa tayari kusema.

Sasa, uwe na unene gani? Pigo la nyundo ni kama mshahara wa mwezi: limeingia mara moja, hakuna lingine mpaka mpigaji apige tena. Ubao mwepesi sana unautumia wote siku ya kwanza. Utasikia mlio mkubwa, wa furaha, kisha kimya. Ubao mzito unabana, unatoa kidogo kidogo, na noti inadumu, lakini ukumbi wa watu 2,000 hausikii kitu. Mtengenezaji anatafuta mahali katikati, na si mahali pamoja, maana noti za juu zinakufa upesi na za chini zina akiba tele. Vipimo vipo na hesabu zipo. Hata hivyo kila ubao ulikuwa mti wake, kwenye mteremko wake, na mtu mwenye randa anaugonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anaparua, anagonga tena.

Kinachonistaajabisha zaidi ni kwamba nyumba kubwa mbili, zenye ustadi usio na shaka, zimelijibu swali la mshahara huo kwa majibu yanayopingana.

Katika kiwanda cha Steinway kilichoko Astoria, New York, ukingo wa piano, yaani ule mwili wa nje uliopinda, unatengenezwa kwa tabaka za mti mgumu unaoitwa mepo. Kwa modeli D ni tabaka 18, kila moja na urefu wa kama mita 7. Zinapakwa gundi na kupangwa juu ya nyingine, kisha kundi la wanaume linazibeba begani kama watu wabebao mlingoti wa jahazi na kuzizungushia kwenye kalibu kubwa ya chuma. Wanasukuma, wanavuta, wanagonga, wanakaza vibano, na yote yafanyike kabla gundi haijakauka. Njia hii ilisajiliwa na Theodor Steinway mwaka 1880, na mpaka leo nguvu inayopinda mbao hizo ni ya mikono ya watu. Baada ya hapo ukingo unapumzishwa kwa wiki nyingi mpaka mti usahau kwamba uliwahi kunyooka. Falsafa ya kazi yote hiyo ni ukuta. Mtikisiko ukifika pembeni mwa ubao unakuta mepo mgumu, mzito, usiotaka kushiriki, unarudishwa ndani. Sauti inakuwa na misuli. Inasimama mbele ya okestra bila kuomba ruhusa.

Nenda sasa Austria, kwa Bösendorfer, nyumba iliyoanzishwa Vienna mwaka 1828. Wao ukingo wanautengeneza kwa sprusi, mti uleule wa ubao wa sauti. Vipande vinachanjwa mifereji upande wa ndani ili vikubali kupinda, kisha mifereji inajazwa kwa sprusi tena. Mtikisiko ukifika pembeni haukuti ukuta. Unakaribishwa. Mwili wote wa piano unaingia kwenye wimbo, kama ukumbi ambao watu wameacha kusikiliza wakaanza kuitikia. Sauti inatoka ikiwa na joto zaidi na makali kidogo, ina duara, na kwenye nyimbo za pole inakuzunguka hata usijue imetokea wapi.

Nikilazimishwa kuchagua nitaichagua ile ya Vienna kwa muziki wa Schubert, na ya New York siku ambayo okestra nzima iko nyuma. Lakini sitaki kulazimishwa. Kwamba mbao mbili, moja inayokataa na moja inayokubali, zote zimezaa uzuri wa kiasi hicho, kunanifurahisha kuliko ushindi wa upande wowote.

Bösendorfer ndio pia wenye piano iitwayo Imperial, yenye vibao 97 badala ya 88 vya kawaida. Ferruccio Busoni, mpiga piano na mtunzi, alitaka noti za chini zaidi kwa ajili ya kazi za kinanda cha kanisani za Bach alizokuwa akiziandika upya kwa piano. Vibao vya ziada vina rangi nyeusi tupu ili mkono usipotee njia. Ni nadra mtu kuvigusa. Faida yao iko kwingine: nyaya zile zisizopigwa zinatetemeka kwa kuwaitikia wenzao, na ubao uliopanuliwa kwa ajili yao unazipa besi za kawaida nafasi ya kupumua. Leipzig nako, Julius Blüthner alisajili mwaka 1873 ufundi wa kuongeza waya wa nne kwenye noti za juu, waya usioguswa na nyundo hata siku moja. Kazi yake ni kuitikia tu. Zile noti nyembamba zinazokufa upesi zikapata mtu wa kuzisindikiza.

Haya yote niliyasoma na kuyasikia kwa muda mrefu kabla sijayaona kwa macho. Niliyaona mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamepamba moto, katika ukumbi mmoja wa Dar es Salaam ambamo kuna piano ya zamani ya Kijerumani yenye mkia. Nilikaa siku mbili na mzee aliyeitwa kuitengeneza. Jambo la kwanza alilofanya ni kuuweka mkono wake chini ya piano, kwenye ubao wa sauti, kama mganga anayepima homa. Mvua zikianza, aliniambia, mti unakunywa. Ubao unavimba na mgongo wake unapanda, nyaya zinakazika, na piano nzima inapanda sauti, hasa katikati. Kiangazi kikija inashuka tena. Piano za pwani zinaishi na pumzi hiyo mwaka hata mwaka.

Alifungua skrubu chache, akaondoa ubao wa mbele, akaanza kuuvuta mtambo wote, vibao na nyundo pamoja, utoke kama mtoto wa meza. "Usiguse kibao, mwanangu," alisema bila kunitazama. Ukibonyeza kimoja wakati mtambo unatoka, nyundo inainuka, inakwama, na mpini wake unavunjika kama kiberiti.

Vibao vyenyewe vilikuwa na rangi ya maziwa yaliyolala. Aliniinamisha nivitazame kwa ubavu, mwanga wa dirisha ukivipiga, na kwenye kila kibao cheupe nikaona mstari mwembamba sana ukikata, pale sehemu pana inapokutana na ile nyembamba. "Pembe," alisema. Kwenye plastiki hakuna kiungo hicho. Pembe ya ndovu ilikuwa inapachikwa vipande viwili.

Siwezi kuandika juu ya uzuri wa piano nikapita hapo kimyakimya. Katika karne ya 19 pembe laini ya Afrika Mashariki ndiyo iliyotakiwa sana kwa vibao. Ilibebwa mabegani kutoka Ujiji na Tabora mpaka Bagamoyo, ikavushwa Unguja, ikapakiwa melini kwenda Ulaya na Marekani. Kuna kijiji Connecticut kiitwacho Ivoryton, kijiji cha pembe, kilichopata jina kwa biashara hiyo. Pale pembe ilikatwa vipande vyembamba na kuanikwa kwenye nyumba za vioo ili jua liing'arishe. Wengi walioibeba walikuwa watu huru waliochukua ujira, na wengi walikuwa watumwa. Tembo walikwisha kwa maelfu. Na katika sehemu zote za piano nilizozitaja, nyundo, waya, daraja, ubao, ukingo, pembe ndiyo pekee ambayo haikuchangia sauti. Ilikuwa ya kupendeza kidole, basi: inanyonya jasho, haitelezi. Fremu ya chuma ilikuwa na sababu. Mti wa Fiemme ulikuwa na sababu. Nilivitazama vibao vile nikasikia uchungu ambao siujui nimpelekee nani, na mzee aliniachia muda wangu kabla ya kuendelea.

Siku ya kwanza ilikuwa ya kutyuni. Noti nyingi za piano zina nyaya tatu kila moja, zinazopigwa kwa pamoja na nyundo moja. Mzee alichomeka kabari za mpira kuzinyamazisha mbili, akatyuni ya tatu kwa ufunguo wake mrefu, kisha akazileta zile mbili kwake moja moja. Nilidhani atazilinganisha mpaka ziwe kitu kimoja. Alizifikisha hapo, kisha akaurudisha ufunguo kwa mguso mdogo ambao sikuuona, niliusikia tu: noti iliyokuwa inalia na kuzima ikawa inalia, inapungua, halafu inaendelea kwa sauti ya chini, muda mrefu, kama mtu aliyetoka chumbani lakini bado anaimba ukumbini. Mwaka 1977 mwanafizikia Gabriel Weinreich wa Chuo Kikuu cha Michigan aliandika sababu yake. Nyaya tatu zikienda sawasawa kabisa zinalisukuma daraja kwa pamoja na kuumaliza mshahara upesi. Zikiachana kidogo, baada ya muda mmoja anapanda mwenzake akishuka, daraja linabaki limetulia, na nguvu iliyobaki inavuja taratibu. Mzee hakuwahi kumsikia Weinreich. Aliniambia tu kwamba ndugu watatu wakikubaliana kila kitu nyumba inakwisha haraka.

Siku ya pili ilikuwa ya nyundo. Sufu ya nyundo imeshindiliwa kwa nguvu juu ya kiini cha mti, na ubora wake uko kwenye kupishana kwa ugumu: ngozi ya nje iwe laini, ndani iwe ngumu, na mpito kati yake uwe wa polepole. Kidole kikigonga kwa upole, nyundo inatua kwenye waya kwa ule ulaini wa nje, inachelewa kuondoka, na kwa kuchelewa huko inazizima tanzu za juu; sauti inatoka na giza zuri. Kidole kikigonga kwa nguvu, sufu inabonyea mpaka kwenye ule ugumu wa ndani, nyundo inaruka upesi, tanzu zinasalimika, sauti inang'aa. Kuchelewa kwenyewe ni kwa milisekunde, kama 4 kwenye besi na chini ya 1 kwenye noti za juu. Mpigaji aliyenyimwa kila kitu isipokuwa kasi anarudishiwa rangi hapo, ndani ya sufu isiyozidi unene wa kidole. Henri Pape wa Paris ndiye aliyesajili mwaka 1826 nyundo za sufu badala ya ngozi, na sioni kwamba anakumbukwa inavyostahili.

Nyundo za ukumbi ule zilikuwa zimechimbwa mifereji na nyaya kwa miaka mingi na kuwa ngumu kama kisigino. Mzee alizisugua kwa msasa mpaka zikapata tena umbo la yai. Kisha akachukua mpini mdogo wenye sindano tatu. Hakuchoma pale nyundo inapokutana na waya. Alichoma mabegani, kando, kwa kina, ili sufu ya ndani ipate kulegea bila kidonda usoni. Mchomo mmoja, miwili, mitatu. Akaurudisha mtambo ndani. Akapiga noti ya la, ile ya katikati.

Ilikuwa bado na kitu cha kioo mwanzoni. Akautoa mtambo. Mchomo mmoja begani mwa kushoto. Akarudisha, akapiga. Afadhali. Aliinamisha kichwa, akaniomba nizime feni. Akautoa tena, akachoma mara moja, kwa kina kidogo mno, nikaona ncha za sindano zinaingia na kutoka kama mbu. Akarudisha.

Safari hii alipopiga hakuondoa kidole. Mvua ilikuwa imepungua. Sauti ilitoka ikiwa nzima, bila kioo, ikapungua, ikaingia kwenye ule wimbo wa chini wa nyaya tatu, na sote wawili tukabaki tumesimama, yeye macho kwenye waya, mimi macho kwake, mpaka sikuweza kusema kama bado naisikia au naikumbuka. Yeye alijua. Alisubiri kidogo zaidi yangu ndipo akanyanyua kidole.

"Haya," alisema, akiuvuta mtambo tena. "Tumwone jirani yake."